Nyumba ya Mungu Taima

Vijana wa mashine za mabango, nimewaona pale Kericho. Mnaandika kwenye kioo, mnabonyeza, na kitambaa kinatoka upande wa pili na uso wa mgombea umeshacheka. Sina ugomvi nanyi. Ninyi mkikosea mnafuta kabla mtu hajaona. Sisi tulikosea juu ya ngazi, kwa rangi ya mafuta, kando ya barabara, na watu wamesimama chini wakitoa ushauri.

Mmoja wenu aliniuliza ni neno gani lilinishinda kuliko yote katika miaka yangu ya kuandika maduka, malori na makanisa. Nadhani alitarajia neno refu. Nilimwambia ni "daima". Akacheka, akaniangalia kama mzee anayehitaji kukaa kivulini. Herufi tano! Nimeona afadhali niandike yote, kwa sababu kwa mdomo neno lenyewe hunisaliti mpaka leo.

Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nilijifunza herufi kwenye masanduku ya chai na magunia ya sukari. Sanduku la chai lilikuwa na herufi nzuri sana, nyeusi, zilizosimama kama askari, nami nilizinakili kwa mkaa kwenye mlango wa kogo, yaani bibi yangu, mpaka akaniuliza kama nimeuza nyumba yake. Ubaya wa kujifunza kwa magunia ni kwamba unajua tu maneno ya vitu vinavyouzwa. Sukari, unga, saruji, mbolea. Neno daima halimo kwenye gunia lolote.

Nilikuwa kijana mwenye wasiwasi. Sisemi hivyo kwa kujipamba. Nikimaliza duka asubuhi, jioni nilirudi kuliangalia. Kesho yake nilirudi tena, nikijifanya nanunua chumvi. Nyumbani tulikuwa na chumvi ya kutosha kijiji kizima. Kama mguu wa herufi R ulikuwa umepinda upana wa uzi, sikula vizuri.

Aliyeniponya kidogo ni Mama Wanjiku, mwenye duka karibu na stendi, Mkikuyu wa kutoka Nyeri. Ndiye wa kwanza kunipa ukuta. Nilikaa na pua kwenye herufi zake siku nzima, nikifuta na kuandika, mpaka akatoka nje na kikombe cha chai.

"Wewe Kiprono, unabusu hiyo ukuta?"

"Naangalia S, mama. Tumbo lake si sawa."

"Vuka barabara."

"Kufanya nini?"

"Vuka barabara uangalie kutoka huko. Mteja wangu hatasoma akiwa amebandika pua kama wewe."

Nilivuka. S ilikuwa sawa. Iliyokuwa mbaya ni O, ambayo sikuwa nimeishuku hata kidogo. Ilionekana fupi kuliko wenzake ingawa niliipima. Hapo nikajua kwamba herufi ya mviringo ukiilinganisha na mstari, macho huiona fupi. Lazima ipite mstari kidogo, juu na chini. Inadanganya kidogo ili ionekane kweli. Na nafasi kati ya herufi hazipimwi kwa rula. Fikiria unamwaga maji katikati ya kila herufi mbili: mapengo yote yachukue maji sawa. Hayo mawili ndiyo ujuzi wangu wote. Mengine ni kushika brashi kavu na kuogopa mvua ya saa nane.

Mama Wanjiku alinifundisha jambo lingine bila kutaka. Aliniambia niandike "mchere". Niliandika hivyo hivyo, kwa sababu gunia la mchele sikuwa nimelikuta bado. Ilipogunduliwa alinilaumu mimi, mimi nikamlaumu yeye, na mteja mmoja Mluhya akatuambia kila kabila katika mji huu lina herufi yake ambayo Mungu alilinyima. Wakikuyu ni L na R. Sisi Wakipsigis ni B na P, D na T, G na K. Nilicheka sana siku hiyo. Nilidhani mimi nimepona, kwa kuwa naandika.

Sasa kanisa.

Lilikuwa kwenye shamba moja la chai upande wa Bomet, la mbao, limepakwa chokaa, ubavu wake mrefu ukitazama barabara. Mzee wa kanisa alikuwa Ondieki, Mkisii, nyapara wa wachumaji. Alikuwa amelijenga yeye na wenzake kwa mbao za masanduku mabovu, na ukikaa kiti cha nyuma uliweza kusoma majina ya bandari za Ulaya wakati wa maombi. Watoto wake wote walibatizwa humo. Ardhi ilikuwa ya shamba. Kanisa lilikuwa pale kwa ruhusa ya mdomo tu, na yule meneja aliyeitoa ruhusa alikuwa amesharudi kwao Ulaya. Meneja mpya alipapenda mahali pale kwa sababu ni karibu na kijito. Alitaka kanisa libomolewe, pawe kitalu cha miche.

Mzee Ondieki alisikia, akaja kunitafuta mjini.

"Fundi, nataka ukuta useme. Useme kwa nguvu, mpaka mtu wa trekta aone haya."

"Useme nini, mzee?"

"Nyumba ya Mungu milele na milele."

Nilienda kupima. Nilipima mara nyingi kuliko lazima. Kwa ukubwa wa herufi aliotaka, ukuta ulitosha milele moja tu.

"Mzee, milele moja haitoshi?"

"Haitoshi. Ingetosha, wasingekuwa wanasema mbili."

"Lakini moja yenyewe haina mwisho. Hiyo ya pili itaanzia wapi?"

Alinikazia macho. "Wewe umetumwa na ofisi?"

Niseme wazi kwa nini niliuliza. Neno lile lilinitisha tangu utoto. Kwa kogo mambo yalikuwa rahisi: jua na Mungu jina lao moja, Asis. Nilipomuuliza jioni Mungu ameenda wapi alinijibu, "Ameshuka upande wa Fort Ternan. Kesho atarudi." Nililala bila shida. Kisha nikaenda kwa mwalimu wa dini, naye akatueleza umilele. Alisema tufikirie ndege anayekuja mara moja kwa mwaka na kuchuma jani moja la chai. Akimaliza majani yote ya Kericho, umilele utakuwa haujaanza hata kuita majina ya asubuhi. Niliinua mkono nikasema majani ya chai huota tena. Akasema ndiyo maana. Sidhani alikusudia jibu hilo, lakini lilinikaa kifuani kama ugali usiotafunwa. Wenzangu waliogopa moto. Mimi niliogopa mbinguni. Mtu kama mimi anataka kumaliza kazi, ashuke ngazi, avuke barabara, aangalie. Kazi isiyoisha utaikagua kutoka wapi?

Mzee Ondieki hakuwa na nafasi ya wasiwasi wangu. Akasema, "Basi andika daima. Ni fupi, na haina ya pili."

Nilifurahi. Herufi tano ziliingia kama droo.

Niliandika NYUMBA YA MUNGU Ijumaa tangu alfajiri, nikashuka saa nane mvua ilipokuja. Nilikagua kila herufi iliyojulikana kututesa. B ya nyumba, sawa. G ya Mungu, sawa. Niliitazama G ile kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumuuma. Jumamosi asubuhi nilirudi kumalizia. Nilikuwa nimeshapiga mstari wa chaki karani wa ofisi alipofika kwa baiskeli. Aliitwa Wafula, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mzee Ondieki alikuwa amenishikia ngazi.

"Fundi, limebaki neno gani?" Wafula aliuliza.

Nilimwangalia mzee. Mzee akasema, "Daima."

Wafula aliegemeza baiskeli kwenye michai. "Mzee, usiandike hilo. Bwana meneja amesikia. Jumatatu anakuja kuangalia. Akiona neno la kudumu, atasema mnadai ardhi, na Jumanne trekta iko hapa. Akiona mmekaa kwa muda tu, atapeleka kitalu chake ng'ambo ya kijito, awaache."

"Shamba lenyewe wamepewa la muda gani?"

"Miaka mia tisa tisini na tisa."

"Halafu?"

"Halafu inakwisha."

"Kwa hiyo Mungu apewe ngapi?"

Wafula alifikiria, kwa uaminifu kabisa. "Asizidi hiyo. Aliyepangishwa na mpangaji hawezi kukaa kuliko mpangaji."

"Mungu ni mpangaji?"

"Kwa karatasi za shamba hili, mzee, ndiyo."

"Na huo mwaka mmoja wa kufikisha elfu, waliubakisha wa nini?"

"Hilo sijui. Labda wa kuhama."

Siku hizi katiba imesema mgeni hapewi zaidi ya miaka tisini na tisa, kwa hiyo hata umilele wa karatasi umepunguzwa. Wakati ule hatukujua kama unapungua. Wafula alipanda baiskeli, akaondoka bila kugombana. Nilimwambia Mzee Ondieki, "Tuandike 'kwa muda' basi. Kanisa libaki."

"Wewe ungekuwa Mungu ungefurahi? Unafika kwako, unakuta mlangoni pameandikwa kwa muda?"

"Lakini wakibomoa?"

"Wakibomoa, wabomoe neno la kweli." Aliikaza mikono kwenye ngazi, nikaisikia kwa miguu. "Nimewaambia watu wangu hii ni nyumba yao. Siwezi kuwaandikia uongo ili nibaki na mbao. Andika."

Niliandika. Nilijua naandikia trekta. Niliogopa kwa ajili ya kanisa, na pia, Mungu anisamehe, niliogopa kwamba kazi yangu nzuri kuliko zote itakaa siku tatu. Kwa hiyo niliandika kwa uangalifu ambao sijawahi kuupata tena. Maji yangemwagwa kati ya herufi zile yasingezidi tone.

Nilimaliza kabla ya mvua. Nilivuka barabara, na hapo nikapata wazo ambalo bado ninalo. Ukiwa juu ya ngazi unaona herufi moja. Iliyotangulia imepita, inayofuata haijaja. Hiyo ndiyo hali yetu, na tunaiita wakati. Lakini kutoka ng'ambo ya barabara N ya kwanza na A ya mwisho ziko pamoja, hakuna iliyotangulia. Nikajiuliza, huenda umilele si ukuta usioisha. Huenda ni mahali Mungu anaposimama, ng'ambo, akiona mstari mzima kwa mara moja. Kama ni hivyo, umilele unaweza kukaguliwa, na mimi nina nafasi mbinguni. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu yule ndege wa mwalimu. Nilisimama pale nikijiona kama Mungu mdogo anayeona yote.

Kosa lilikuwa mbele yangu, refu kama mkono wangu.

Jumapili kanisa lilijaa. Mzee Ondieki alisoma kwa kidole, na maandishi yalikuwa juu, kidole chake hakikuyafikia, kwa hiyo aliamini alichokiagiza. Wachumaji wengi walikuwa Wakipsigis wenzangu. Waliimba, wakanyoosha mikono kwenye ukuta, wakasoma kwa sauti moja, na kila kitu kilisikika sawa. Mama Wanjiku alikuwa amealikwa. Alisimama ng'ambo ya barabara na kitenge chake kipya, kichwa kimelala upande mmoja.

"Haiya. Kiprono. Taima ni nini?"

"Ni taima, mama. Ya milele."

"Hiyo ni daima."

"Ndiyo. Taima."

"Sema D."

"T."

"Ngai! Sema dawa."

"Tawa."

Alinishika bega akanigeuza kwenye ukuta. "Soma herufi. Usisome neno. Herufi."

Nikaiona. NYUMBA YA MUNGU TAIMA. T nzuri, iliyonyooka, kofia yake imekaa sawasawa kama ya askari wa gwaride. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa sauti ya mdomo wangu mwenyewe. Na niseme yote: T haina tumbo la kuchora. Huenda mkono nao ulijitafutia nafuu.

Nilikimbilia brashi. Mzee Ondieki akanizuia mlangoni. "Leo Jumapili. Hakuna kazi."

"Mzee, ni kosa! Limeandikwa kosa!"

"Litakuwa kosa mpaka kesho. Ingia, tunaomba."

Sikumbuki mahubiri.

Jumatatu nilifika kumekucha, nikachanganya rangi na tapentaini. Nilikuwa nimepanda ngazi Landrova iliposimama. Meneja alishuka, Wafula nyuma yake. Mzee Ondieki alitoka kwenye michai, watu wake nyuma yake na vikapu mgongoni. Mimi nilibaki juu na brashi imelowa, nikijua kwamba nikiweka D sasa, naandika hukumu mbele ya hakimu. Nisipoweka, kosa langu linasomwa na mkuu wa shamba.

Meneja alitazama ukuta. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wazungu wa mashambani. "Karani. Hii neno ya mwisho nasema nini?"

Wafula alitazama ukuta. Akanitazama mimi, brashi, kisha Mzee Ondieki. Wafula alikuwa amesoma. D na T alizijua. Alisafisha koo.

"Taima, bwana. Kama taimu."

"Nyumba ya Mungu, taimu?"

"Ndiyo, bwana. Kwa taimu. Kwa muda tu."

Mzee Ondieki alifungua mdomo. Mke wake, ambaye hajawahi kusema neno katika hadithi hii kwa sababu hakuwa na haja, alimkanyaga mguu.

Meneja alitazama vilima vya chai kama mtu ambaye ameshaanza kufunga masanduku. "Kama ni kwa taimu, hapana shida," akasema. "Sisi yote iko hapa kwa taimu tu." Akarudi garini. Kitalu kilipandwa ng'ambo ya kijito.

Baadaye nilimuuliza Wafula kama hakuona vibaya kumdanganya mkubwa wake. "Kudanganya wapi?" akasema. "Nilisoma kilichoandikwa. Wewe ndiye uliyeandika."

Landrova ilipopotea kwenye kona, nilichovya brashi tena. Mzee Ondieki alishika ngazi, safari hii kuizuia.

"Shuka."

"Mzee, ulikataa kuandika uongo. Huu hapa."

Hilo lilimuuma, nikaona. Alitazama ukuta, midomo ikicheza kama anayesoma. "Mimi niliagiza daima," akasema mwishowe. "Watu wamesoma daima. Mungu naye anajua kusoma kuliko karani. Ukiweka D leo, kesho trekta. Shuka, fundi."

Nilishuka. Na kwa miaka, kila aliyetoka Bomet kwenda Kericho alipita mbele ya aibu yangu. Nikitaka kwenda upande ule nilizunguka kwa njia ya ndani, kwenye matope. Rangi ilipopauka waliniita niipake upya, na niliipaka, T kwa T, nikiwa nimekunja uso. Waumini vijana walizoea wakaita kanisa lenyewe Taima. "Tukutane Taima." Mtoto mmoja alipewa jina hilo. Nilimwomba baba yake afikirie tena. Alisema ameshafikiria.

Kisha Mzee Ondieki akastaafu. Lori la kumpeleka kwao Kisii lilisimama mbele ya kanisa, vitu vyake vimefungwa juu, mkewe ameketi mbele na kuku. Alikuwa ameniagizia nije na rangi.

"Kiprono mwanangu," alisema. Kabla ya hapo aliniita fundi tu. "Meneja yule ameenda. Wafula amehamishwa. Aliyepo sasa ni mtu wetu na anasali humu humu. Hakuna wa kubomoa. Nimekushikia neno lako miaka hii yote. Panda, weka D yako, nione nikiondoka."

Nilipanda. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kuliko siku ya harusi yangu. Niliiweka pua kwenye T ile. Nilikuwa nimeipaka mara nyingi hivi kwamba rangi ilikuwa nene kama gome la mti. Niliinua brashi, nikasikia wanawake wakipita nyuma yangu na vikapu wakielekea mizani, na mmoja akamwambia mwenzake, bila kutazama ukuta, watakutana Jumapili Taima.

Nilishuka, nikavuka barabara. Niliangalia mstari wote, N mpaka A, mpaka dereva akaanza kupiga honi. Nilijaribu kuona kosa peke yake, kama nilivyozoea kuliona. Safari hii lilikuja pamoja na meneja na masanduku yake, Wafula akisafisha koo, mguu wa mzee ukikanyagwa, na mtoto yule mwenye jina. Sikuweza kuitoa herufi bila kuvitoa vyote.

Nilifunga kopo.

"Umemaliza?" Mzee Ondieki alipaza sauti kutoka kwenye lori. Macho yake hayakuona mbali tena, na kidole bado hakikufika.

"Nimemaliza, mzee."

"Sasa inasema nini?"

"Taima," nilisema.

"Vizuri sana," akajibu, na lori likaondoka.

Jioni ile sikurudi kuangalia, wala kesho yake. T yenyewe, tukisema haki, ilikuwa imekaa vizuri.